Je, Ni Halali Kuchafua Maadamu Yuko wa Kusafisha?



Swali hili sikulitunga mimi. Niliulizwa na kijana mmoja wa mtaa wetu, Jumapili moja baada ya Misa, tukiwa tumesimama uani hapa Mkunazini na watu wanaagana. Alinivuta kando kivulini. "Shikamoo Padre. Nina jambo, lakini si la kuungama." Nikamwambia marahaba, na kwamba yasiyo ya kuungama ndiyo aghalabu magumu zaidi, basi aseme.

Kijana huyu amesomea kazi ya maabara. Ana mama mjane na wadogo wawili wangali skuli. Amepeleka maombi ya kazi Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, kwenye mgodi wa urani. Mjomba wake aliposikia akakasirika, akasema kuchimba sumu ardhini na kuwaachia watoto wa wenzio ni dhambi, na mkate wa kazi ile hataki kuuona juu ya meza ya dada yake. Kijana akamjibu kwa yale aliyofundishwa chuoni, ya kuwa siku hizi wako vijidudu viwezavyo kuondoa sumu ya urani katika maji na katika taka, kwa hiyo hofu ile ni ya zamani. Mjomba hakuridhika. Mama analia. "Sasa Padre," akaniuliza, "kama Mungu mwenyewe ameviumba vijidudu vya kusafisha, kosa letu liko wapi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba majuma mawili, nikasoma, nikamsumbua binti mmoja wa Kanisa anayefundisha sayansi, nikasoma tena. Naandika hapa niliyoyapata kwa sababu nadhani wengi wetu tunalo swali la kijana huyu, ila limevaa nguo nyingine.

Kwanza habari yenyewe. Mgodi wa Mto Mkuju uko kusini ya nchi, na ardhi yake ilikuwa ndani ya mpaka wa Pori la Akiba la Selous, lililoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2012 kamati ya UNESCO ilikubali mpaka urekebishwe ili mahali pa mgodi patoke nje. Kampuni yenye kazi hiyo ni Mantra Tanzania, iliyo chini ya shirika la Kirusi la Rosatom, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa kisiwa chetu hiki, alizindua kiwanda cha majaribio. Wako wanaosema mambo ya Ruvuma hayatuhusu watu wa Unguja. Lakini maji ya upande ule huelekea bonde la Rufiji, na Rufiji ni jirani yetu wa zamani sana. Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe zilitoka kwenye delta yake, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vyetu. Mtu wa Shangani au Malindi akilala chali kitandani huitazama Rufiji.

Urani haikai peke yake ardhini kama dhahabu ya hadithini. Tani nzima ya mawe ya kule haitoi hata kilo moja. Maana yake ni kwamba karibu jiwe lote linalochimbwa na kusagwa na kuoshwa kwa dawa kali hubaki likiwa tope, nalo lazima liwekwe mahali. Watu hudhani ya kuwa urani ikishaondoka, sumu imeondoka nayo. Sivyo. Karibu 85 kwa mia ya mionzi yote iliyokuwamo ndani ya jiwe hubaki katika tope lile, kwa sababu urani ina watoto wake, thoriamu na radiamu na wengineo, ambao hakuna aliyewahitaji wala aliyekuja kuwachukua. Hapo ndipo penye mashaka: upepo ukavushe vumbi lake, au mvua ipenye ndani, kisha maji yachukue kidogo kidogo hadi kisimani kwa mtu.

Basi, vijidudu.

Waliokulia pwani ya mashariki hawahitaji maelezo marefu. Wamewaona akina mama wakifukia makumbi ya nazi katika mchanga na tope la pwani, wakayawekea mawe juu yasichukuliwe na maji, wakaenda zao. Miezi mingi baadaye hurudi kufukua. Tope limekuwa jeusi, linanuka kama yai viza, na makumbi yamelainika. Huyaponda wakapata usumba wa kusokota kamba. Nani aliyefanya kazi ile miezi yote hiyo? Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Sisi twavuta hewa. Ndani ya tope lile hewa haifiki, lakini Mungu hakuliacha tupu. Amewajalia waliomo humo kuvuta pumzi kwa vitu vingine, kama chumvichumvi za maji ya bahari, au hata kutu ya chuma.

Mwaka 1987 mtaalamu wa Kimarekani, Derek Lovley, alimpata mmoja wa hao wavutao kutu katika tope la Mto Potomac, ule upitao mji wa Washington. Jamii yake huitwa Geobacter. Mwaka 1991 yeye na wenzake walionyesha kwamba kijidudu hiki, kikikuta urani iliyoyeyuka majini, huweza kuitumia kwa pumzi yake badala ya kutu. Na urani ikishapita hapo hubadilika, haiyeyuki tena. Hugeuka punje ngumu, ikakwama katika mchanga, na maji yakaendelea na safari yake bila hiyo.

Jambo hili halikuishia katika chupa za maabara. Mwaka 2002 walilijaribu ardhini, katika mji mdogo wa Rifle, jimbo la Colorado, mahali palipokuwa na kiwanda cha kusaga urani na maji ya chini ya ardhi yakabaki na sumu. Hawakuleta vijidudu kutoka mbali. Vilikuwamo mlemle, havina chakula tu. Walivilisha chumvi itokanayo na siki, tuseme binamu wa achari yetu, wakiipitisha kwa mipira hadi chini. Vikaongezeka upesi, na kabla ya siku 50 kwisha urani katika maji ya visima vingine ilikuwa imepungua kwa kiasi cha 70 kwa mia.

Yuko na mwingine, wa ajabu zaidi. Mwaka 1956 huko Oregon walikuwa wakiipiga nyama ya kopo kwa mionzi mikali ili isioze kamwe, na kopo moja likaoza. Ndani yake wakamkuta kiumbe astahimiliye mionzi mara elfu na zaidi kuliko ile impasayo mwanadamu kufa. Wakamwita Deinococcus radiodurans. Wako wataalamu waliojaribu kumfundisha, kwa kumtia sehemu za mbegu ya uzazi za vijidudu wengine, afanye kazi ya kusafisha mahali ambapo wenzake wangekufa kwa mionzi.

Nakiri kwamba nilipofika hapa moyo wangu ulikwisha kufurahi. Niliwaza juu ya chachu ya Mathayo 13, mwanamke na pishi zake tatu za unga, na kazi ifanyikayo usiku bila mtu kuiona. Nilikuwa karibu kumwita kijana nimwambie mjomba wake ameshindwa.

Binti yule mwalimu ndiye aliyenizuia. Alisema, "Padre, umesoma vizuri, lakini soma neno moja tena. Wanasema kuondoa. Kuondoa wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa limejificha. Kijidudu hakiui mionzi, wala hakuna kiumbe duniani awezaye kuila ikesha. Mavi ya ng'ombe yakioza hugeuka mbolea, damu ya samaki pale sokoni Darajani huoza ikawa kitu kingine, kwa sababu ubaya wa vitu hivyo uko katika jinsi vilivyoungwa, na vijidudu hufumua maungo yale. Ubaya wa urani uko ndani zaidi, katika kiini chenyewe cha chembe, ambako hakuna jino la kiumbe linalofika. Urani iliyolala mchangani Rifle ni urani ile ile. Nusu yake huchukua miaka milioni 4,500 kwisha. Kilichofanyika ni kwamba ilikuwa inatembea, na sasa imefungwa.

Na mbwa aliyefungwa si mbwa aliyekufa. Kamba yake ni kule kukosekana kwa hewa. Hewa ikirudi ndani ya tope lile, au mbolea za mashambani zikashuka hadi huko, urani yaweza kuyeyuka tena na kuanza safari. Hata kule Rifle, siku zilipozidi, vijidudu vya namna nyingine vilishika zamu na kula chakula kile, na urani katika maji ikaanza kupanda upya. Si hayo tu. Wako vijidudu, ndugu za hawa, wafanyao kazi kinyume kabisa: huifungua urani kutoka katika jiwe na kuitia majini. Huko Elliot Lake nchini Canada wenye migodi waliwatumia hao kuchimbia. Kijidudu hakina upande. Hufanya lililo jema kwa tumbo lake, na jina la kusafisha au kuchafua twalileta sisi.

(Aliniuliza mtu mmoja kama si vibaya kuwatumikisha viumbe hawa pasipo ridhaa yao, hasa kwa sisi tunaosali mahali hapa. Naona hapana. Hamira katika mkate wa ajemi haidai kitu. Siogopi kwamba tutamkosea Geobacter. Naogopa kwamba kwa mgongo wake tutamkosea mtu.)

Sasa twaweza kulitazama swali la kijana, na mtaona ni la zamani kuliko urani. Mtume Paulo analo katika Warumi, mwanzo wa sura ya 6. Yuko mtu anayewaza kwamba maadamu neema ya Mungu husafisha dhambi, na kadiri dhambi ilivyo nyingi neema huzidi, kwa nini basi tusiendelee tu? Paulo hampi nafasi hata ya kumaliza. Anamkatalia kwa ukali ambao hautumii mara nyingi.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu mtu yule amekwisha kulitia tumaini la kutakaswa ndani ya hesabu yake kabla hajatenda. Aliyeanguka akalia akaomba, huyo ni mmoja. Aliyekaa chini na karatasi, akaandika upande huu faida, upande ule uchafu, na chini yake akaandika "uchafu utashughulikiwa," huyo ni mwingine, hata kama uchafu wao ni sawasawa. Wa pili amemfanya msafishaji kuwa mshirika wake bila kumwuliza, awe ni Mungu, ama mtumishi wa nyumbani, ama kijidudu.

Tena yako mafundisho yetu juu ya toba, ambayo wazee walitufundisha kwa makini na ambayo sasa twayapitia haraka. Kasisi akikuondolea dhambi kwa jina la Bwana, dhambi imeondoka kweli. Lakini mbuzi uliyemwiba hajarudi zizini kwa mwenyewe. Zakayo alilijua hilo. Hakusema tu kwamba amesamehewa, alisimama akataja nusu ya mali yake na mara nne kwa aliowadhulumu, hata kabla ya chakula kumalizika. Twajua basi kupambanua yaliyosamehewa na yaliyofutika. Lakini tukija kwenye taka twasahau. Tukisikia "kusafishwa" twadhani jambo limefutika, kumbe limehamishwa tu, na mahali lilipohamishiwa panahitaji mwenyewe.

Msifikiri kwamba kwa kusema hivi nimesimama na mjomba. Bado.

Wako miongoni mwetu waliovuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa saratani kwa mionzi. Wengine wamo katika kwaya yetu, wanaimba. Kwa miaka mingi mashine za kule zilitumia kobalti, nayo nusu yake huisha kwa miaka mitano na kidogo. Ikichoka kutibu haijachoka kudhuru, huhitaji kuwekwa pazuri na kulindwa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina ghala huko Arusha kwa ajili ya vyanzo vya namna hiyo. Je, nitamwambia mama wa kwaya kwamba matibabu yake ni dhambi kwa sababu yaliacha taka? La hasha. Na urani ya Namtumbo, ambayo itauzwa nje kwa kuwa nchi yetu haina kinu cha nyuklia, itawasha taa za watu. Mtu wa Unguja aliyekaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipokuwa umekufa, akachota maji kwa ndoo kwa sababu pampu hazina umeme, asiseme upesi kwamba umeme ni anasa. Kisha yako maisha ya watu wa Namtumbo wenyewe. Ni rahisi kuikataa kazi ya mwenzio ukiwa umeketi Mkunazini na chai mkononi.

Lakini haidhuru tukumbuke na mahali pengine pasemapo Kiswahili. Shinkolobwe iko Katanga, Kongo. Urani ya pale ilikuwa nono kuliko karibu zote zilizojulikana, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilitoka huko. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 6 Agosti 1945, nasi Waanglikana twaijua tarehe ile kwa jambo jingine, maana ni sikukuu ya Kugeuka Sura kwake Bwana. Wazungu walipomaliza haja zao waliyaziba mashimo wakaenda zao. Miaka ikapita, watu wenye njaa wakarudi kwa majembe kutafuta kobalti katika udongo ule ule. Mwaka 2004 Serikali ilipiga marufuku, na mwaka huo huo mgodi uliporomoka watu wakafa. Hakukuwa na aliyebaki pale kwa kazi ya kusema, "Hapa msichimbe, na sababu ni hii."

Torati inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Someni Mambo ya Walawi sura ya 14, ile sehemu ya nyumba iliyoingiwa na ukoma. Kasisi huja, hutazama madoa ukutani, hufunga nyumba siku saba, hurudi kutazama tena. Doa likiwa limeenea, mawe yale hutolewa na kutupwa nje ya mji, mahali palipojulikana kuwa ni najisi. Nimeisoma sura ile mara nyingi bila kuipenda, nikiona ni habari ya chokaa na ukungu. Sasa naona mambo mawili. Kwamba kuna uchafu ambao Torati haidai kuutakasa, bali yaamuru uwekwe mahali na mahali pajulikane. Na kwamba kazi kubwa ya kasisi pale ni kurudi kutazama.

Tatizo letu ni ile "nje ya mji." Israeli jangwani huenda waliipata nje isiyo na mtu. Sisi hatunayo. Gari za taka za mjini kwetu huenda Kibele, na kwa mtu wa Mkunazini Kibele ni nje ya mji. Kwa mtu wa Kibele, Kibele ndiyo mji. Mwaka 1988 mapipa ya sumu ya viwanda vya Italia yalikutwa katika kijiji cha bandari cha Koko, Nigeria, katika uwanja wa mtu aliyelipwa kodi ndogo bila kuelezwa kilichomo. Kwa wale walioyapeleka, Afrika nzima ilikuwa nje ya mji. Ndipo nchi zetu zikafanya mkataba wa Bamako mwaka 1991, kukataza taka za namna hiyo, zenye mionzi zikiwamo, zisiingizwe barani. Vizuri. Lakini mkataba ule wazuia mgeni asitupe kwetu. Haujibu kama sisi wenyewe tumekwisha kuwageuza watu wa Namtumbo kuwa nje ya mji wetu.

Halafu kuna miaka. Nilimwuliza mwalimu yule kuhusu radiamu, yule mtoto wa urani anayebaki katika tope. Nusu yake huisha kwa miaka kama 1,600. Nilihesabu nyuma. Ilinipeleka kwa Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, Askofu wa Hippo, aliyefariki mwaka 430. Kama mtu angeliacha kilo ya radiamu nyuma ya kanisa la Agustino, leo ingebaki nusu kilo. Na katika tope la mgodi hata hiyo hupata kuzaliwa upya, kwa maana thoriamu iliyomo humo huendelea kuizaa. Hippo yenyewe iko wapi? Waliokuwa wakisali mle wako wapi?

Tunajisifu, nasi tuna haki kidogo, kwamba Kanisa hutunza kumbukumbu. Soko la watumwa la hapa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa hili likawekwa. Askofu Steere, aliyezikwa humu ndani mwaka 1882, hakutaka mahali hapa pasahauliwe. Altare imesimama pale ambapo, kwa mapokeo ya wazee, palikuwa na mti wa kuchapia. Ni jambo kubwa. Lakini tuseme na kweli yote. Tulilikumbuka sana tendo la kulifunga soko, na majina ya waliolifunga. Waliouzwa wenyewe walingoja hadi mwaka 1998 ndipo ile sanamu ya watu wenye minyororo shimoni ikawekwa uani. Hiyo ni miaka 125. Kama Kanisa lililojengwa juu ya jambo lenyewe lilichukua miaka 125 kuwaweka walioumizwa mahali wanapoonekana, ni nani ninayeweza kumwahidi kijana kwamba miaka 1,600 yatakuwako macho ya kulitazama tope la Mkuju?

Hapa ndipo nilipoona kosa liko wapi, na halipo pale mjomba alipolionyesha. Kuchimba si dhambi kwa jina lake. Kutumia vijidudu si dhambi, ni akili njema. Na kama wataweza kuvitumia kuyalinda maji ya watu wa Ruvuma, Mungu abariki kazi hiyo, maana kamba dhaifu ni bora kuliko mbwa kutembea huru. Kosa ni kusema "kusafisha" pale unapojua kwamba ni "kufunga," ili mtu wa pili akubali mgodi ambao angeukataa, au ili wewe mwenyewe upate usingizi. Neno moja likibadilishwa, gharama yote ya ulinzi imemwangukia mtu asiyekuwako mezani. Wengi wao hawajazaliwa, hawana mjomba wa kukasirika kwa niaba yao.

Majuma mawili yalipokwisha kijana akaja nyumbani jioni. Nilimsomea haya, si yote. Alisikiliza, kisha akauliza kama vijana wote, "Kwa hiyo niende au nisiende?"

Nikamwambia akiitwa aende. Akashangaa. Nikamwambia sababu: kazi aliyoiomba ni ya kupima maji. Vijidudu vitafanya kazi yao au havitafanya, lakini havitasema. Atakayesema ni yule mwenye daftari. Siku moja, pengine mwaka wa kwanza au wa kumi, maji ya kisima fulani yatampa tarakimu mbaya siku ambayo wakubwa wanangoja tarakimu nzuri, wala si lazima mtu amtishe, yatosha waseme, "Pima tena." Atapima tena, vizuri, na ikiwa ni mbaya tena ataiandika hivyo. Amri ya kutoshuhudia uongo juu ya jirani haikuweka mpaka kwa jirani anayeishi sasa. Kama anaona hatakuwa na nguvu hiyo, abaki, atafute kazi nyingine hata kama ni ya mshahara mdogo, na sitamlaumu. Nilimwambia pia asiseme tena kwamba vijidudu vitaondoa sumu. Aseme vitaifunga, na aseme kwa muda gani.

Kwa mjomba nilikwenda mwenyewe, maana si vema mtu mzima apelekewe maneno na mtoto. Alinikaribisha vizuri. Alikubali kuhusu daftari. Kisha akauliza, "Na mgodi ukifungwa, kampuni ikaondoka, huyu kijana amekuwa mzee au amekufa, daftari analishika nani?" Nikamtajia sheria ya mwaka 2003 na Tume ya Arusha. Akasema sheria na Tume ni vitu vizuri, naye anaziombea maisha marefu. Tukanyamaza kidogo. Akanimiminia kahawa nyingine. Hajasema kwamba mkate ule atauona mezani, lakini hajasema tena kwamba hatauona.

Jibu la maombi ya kazi halijafika. Barua ya kumtambulisha kijana kwa padre wa kule Dayosisi ya Ruvuma nimekwisha kuiandika, iko ndani ya droo ya sakristia. Mama yake ameniomba niongeze mstari mmoja, kwamba Jumapili baada ya ibada mwanawe asiachwe kwenda kula peke yake. Nimeuongeza.